Ng'washi wa Mlango wa Mapipa

Siku hizi rahisi bwana. Mtu yuko kitandani, simu kifuani, anapiga risasi na wenzake watatu ambao hajawahi kuwaona, mmoja yuko Tabora, mwingine sijui Brazili, wakifungwa anazima simu anaenda kula. Mwanza ya mwaka tisini na nane haikuwa hivyo. Ili upigane na adui usiyemwona, ilibidi kwanza mtu apande juu ya bati na waya begani.

Aliyepanda alikuwa Josephat, fundi redio, Mhaya wa Muleba, mtu mpole anayeongea kama vile kila neno linakatwa kodi. Waya ulitoka dirisha la Nurudin, ukavuka mtaa juu ya vichwa vya watu, ukaingia dirisha la Ally upande wa pili. Nurudin na Ally ni ndugu, baba mmoja mama tofauti, na kila mmoja alikuwa na duka lenye kompyuta nne za kufundishia watu kuchapa. Walikuwa hawapendani sana, lakini hawakugombana. Badala yake, kila Jumamosi saa tisa alasiri walifunga masomo, wakawasha mchezo wa bunduki, wanne wa Nurudin kwa wanne wa Ally. Ukipigwa umekufa, unakaa kusubiri raundi inayofuata. Timu ya kwanza kufikisha raundi kumi na sita ndiyo imeshinda.

Na mtaa mzima ulikuja kuangalia. Wauza ndizi, wauza mitumba, wapiga debe, mafundi cherehani. Walijaa mlangoni na kwenye nondo za dirisha, wakichoka huku wanavuka barabara kwenda kule, wakichoka kule wanarudi huku.

Ng'washi aliingia kwa Nurudin kujifunza kuchapa tu, hana hili wala lile. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, anakata minofu kwenye kiwanda kimoja cha samaki Nyakato. Zamu nzima amesimama na gambuti kwenye maji, sangara wanashuka mezani wamejaa barafu, yeye na kisu. Minofu inaenda Ulaya, mapanki, yaani ile mifupa na kichwa, yanabaki kwetu. Akitoka, vidole vimekufa ganzi mpaka hawezi kufunga kifungo cha blauzi. Alitaka kazi ya mezani, kazi ambayo mtu anarudi nyumbani na vidole vyake kumi. Ndiyo maana ya kuchapa.

Jumamosi moja mtu wa nne wa Nurudin hakutokea. Josephat, naye wa timu hiyohiyo, akageuka, akamwona Ng'washi anakusanya karatasi zake.

"Dada, kaa hapa."

"Mimi? Kaka, mi sijui hata kuiwasha."

"Imeshawashwa."

Akakaa. Na hapa ndipo inabidi ujue jambo moja kuhusu Ng'washi, la sivyo hutaelewa alichofanya. Baba yake, mzee Shimba wa Kisesa, alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, upande wa Bagalu. Usukumani ngoma ni mashindano. Bagalu wanacheza upande huu wa uwanja, Bagika upande ule, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Hakuna refa, hakuna pointi. Watu wanazunguka, wanaenda panapowavutia, na jua likielekea kuzama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Basi. Ng'washi alizaliwa humo. Alipokuwa na miaka sita alishajua kwamba mgongo wako una masikio: ukisikia watu wanapungua nyuma yako, ruka juu zaidi.

Sasa mweke mtu huyo kwenye kiti, watu thelathini wanampumulia shingoni.

Alitoka mbio hadi katikati ya uwanja wa mchezo, peupe kabisa, akaruka, akazunguka, akapiga ukuta risasi zote, akaruka tena. Akauawa. Raundi iliyofuata akafanya vilevile. Watu wakafa kwa kicheko. "Mama wa kuruka! Mama wa kuruka!" Wa upande wa pili wakasikia kelele, wakavuka barabara. Mpaka mwisho wa mchezo kwa Ally walibaki watu wanne, kwa Nurudin mtu hana pa kuweka mguu.

Skrini ikaandika matokeo. Ng'washi akasimama, mikono juu, akapiga vigelegele.

"Dada," Josephat akamwambia taratibu, "tumefungwa."

"Tumefungwaje?"

"Kumi na sita kwa mbili."

"Lakini kaka, watu si wote wako kwetu?"

Weee! Duka lilicheka mpaka Nurudin akashika meza. Chenge, kijana mtanashati wa kwenye timu, mwenye kofia ya kugeuza nyuma, akaigiza vile vigelegele wiki nzima. "Tumefungwa, lakini watu wako kwetu!" Mtu akianguka na baiskeli, anaambiwa hivyo. Mchele ukiungua, hivyohivyo. Ng'washi alicheka nao, ila lilimwingia. Akajiona mshamba aliyeleta mambo ya uwanja wa ngoma kwenye kompyuta. Akaapa hilo kosa hatalirudia.

Akamwomba Josephat amfundishe.

Josephat alianza kwa kumkalisha amwangalie akicheza, halafu akamwachia kiti na kukaa nyuma yake. Kosa la kwanza aliliona palepale.

"Kwa nini unalenga sakafu?"

"Silengi sakafu."

"Angalia alama yako iko wapi."

Kweli, alama ya kulengea ilikuwa chini, kwenye miguu ya dunia. Ng'washi akafikiri, akacheka. Kiwandani ukitembea na kisu unaangalia sakafu, maana pana utelezi, ukianguka unajichoma. Miaka mitatu macho yake yalikuwa yanatembea chini. Josephat akamwambia, inua, weka alama pale kichwa kitakapotokea, kabla hakijatokea. Ilimchukua mwezi mzima kuinua macho.

La pili lilikuwa mdomo. Timu inakaa meza moja, mtu akiona adui anawaambia wenzake. Ng'washi alikuwa anawaambia hivi: "Jamani! Jamani, huyo! Anakuja, Mungu wangu, huyo!"

"Huyo yuko wapi?" anauliza Chenge.

"Huyo hapa!"

"Hapa wapi?"

"Ludi! Ludi nyuma!"

"Niludi wapi, we Ngosha wa kike!" Chenge anaiga lafudhi yake ya Kisukuma. Na wote wanne wamekufa.

"Wapi, wangapi, nyamaza," Josephat akasema. "Maneno matatu. Mapipa, wawili, basi."

La tatu ndilo lilimtesa zaidi: kukaa. Uwanja wao ulikuwa na mlango mmoja wenye mapipa matatu pembeni, na adui akipita pale timu imekwisha. Josephat alimpa mlango huo. Kazi yake ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya pipa, asisogee, avae hedifoni, asikilize hatua. Usimfukuze mtu, mlango utamleta. Hapo damu ya ngoma ilimpigia kelele. Dakika nzima hajafanya kitu, na nyuma yake anasikia watu wanaguna, "Huyu amelala?", kisha viatu vinaondoka, vinavuka barabara. Mgongo mzima unawasha. Mwanzoni hakuvumilia, alichomoka, akauawa.

Akanunua daftari la kurasa arobaini. Kila akifa, raundi ikiisha anaandika. *Nimekufa kwa sababu nimetoka kuangalia.* *Nimekufa kwa sababu nimejaza risasi peupe.* *Nimekufa kwa sababu nimebonyeza bila kuachia, bunduki imepanda juu.* *Nimekufa kwa sababu Chenge amenichekesha.* Ukurasa wa kwanza ulikuwa na vifo kumi na tisa vya siku moja. Anaenda nalo kiwandani mfukoni, wakati wa chai anasoma vifo vyake kama mtu anasoma barua.

Jumamosi alikuwa anafika mapema, anaagiza chai kwa mama wa kibanda, hainywi, anashika kikombe kwa mikono miwili mpaka vidole virudi. Mama wa kibanda akamzoea. "Leta chai ya mikono," anamwambia msaidizi wake.

Na akabadilika kweli. Kufika Krismasi, ukurasa wa siku moja una vifo sita. Februari, vitatu. Alijua hatua za kila mtu wa Ally: yule anayekimbia bila kupumzika, yule anayesimama kidogo kabla ya kona. Anasema "mapipa, mmoja", risasi mbili, kimya. Timu ya Nurudin ilishinda Jumamosi sita mfululizo. Josephat, mtu wa kodi ya maneno, alimwambia siku moja, "Huo mlango sasa ni wako." Ng'washi alitembea mpaka Nyakato kwa miguu, hakuona umbali.

Lakini nani aangalie mlango? Kwenye skrini yake palikuwa na mapipa matatu na ukuta. "Dada, umeweka picha ya kalenda?" watu walimtania, halafu wanasogea kwa Chenge. Chenge alikuwa anaacha bunduki anakimbia na kisu, anatukana, anasimama juu ya kiti akiua, anajilaza chini akiuawa. Alikuwa anakufa kuliko mtu yeyote, na watu walimpenda kama harusi. Ng'washi aliona, akajisemea, waache, huko ndiko nilikotoka.

Mwezi wa tatu mwaka tisini na tisa Ulaya ikakataa samaki wa ziwa letu. Ilisemekana kuna wavuvi wanavua kwa sumu. Viwanda vikasimama. Kwa kina Ng'washi waliitwa uani asubuhi, wakaambiwa warudishe gambuti, wataitwa mambo yakitengemaa. Hakuna aliyetaja siku. Wiki ya kwanza alifurahia vidole vyake. Ya pili akaanza kuogopa. Chumba cha kupanga, mdogo wake Selina yuko sekondari ya bweni anamtegemea yeye, na Nyakato nzima watu wenye mikono iliyozoea kisu wanagonga mageti yaleyale.

Ndipo Nurudin akatangaza. Alikuwa anakwenda kufungua duka la pili Geita, anahitaji mtu wa kumwachia hili la Mwanza. Mwalimu wa kuchapa na msimamizi, mshahara wa mwezi, na funguo. Josephat alishasema yeye hataki, redio zinamtosha. Wakabaki Ng'washi na Chenge. Mwenye kuchapa vizuri ni Ng'washi, hilo halikuwa na ubishi, vidole vyake vilikuwa vinamaliza ukurasa Chenge bado anaitafuta herufi ya kwanza.

"Tuna mechi kubwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita," Nurudin akasema. "Ally anajigamba sana siku hizi. Atakayenionyesha anajua kushinda, huyo namkabidhi funguo."

"Kushinda kwa namna gani, bosi?" Ng'washi akauliza.

Nurudin akacheka. "Kwani kushinda kuna namna ngapi, binti?"

Ng'washi aliona aibu kwa kuuliza.

Siku hiyo ilipofika, baba yake alikuja kutoka Kisesa. Alikuwa ameambiwa binti yake ana mashindano, na mashindano mzee Shimba hakosi. Alivaa koti lake la sherehe, na mkononi ameshika usinga wake wa umanju.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu," akaitikia, yaani mama kwa Kisukuma. "Uwanja uko wapi?"

"Ni humu ndani, baba. Kwenye hiki kioo."

Mzee akainama, akaangalia mapipa matatu. "Na wapinzani?"

"Ng'ambo ya barabara. Wanaonana na sisi kwa waya."

"Aah." Akageuka akaangalia mtaa, huku na kule. Hicho alikielewa mara moja. "Makundi mawili, barabara katikati. Vizuri."

Ally alikuwa amejiandaa. Alitoa televisheni kubwa nje, akaiunganisha na kompyuta ya mchezaji wake mkali, akaweka spika mbili, mtaa wote unasikia milio. Watu walianza kuvuka mapema. Chenge alijaribu kuwashika. Alipanda kiti, akavua shati, akaimba, nusu wakarudi. Kisha akauawa, wakaondoka tena. Ikawa hivyo raundi baada ya raundi, watu wanakwenda na kurudi, na Nurudin amesimama mlangoni anawahesabu kwa macho. Ng'washi hakumwona. Alikuwa nyuma ya pipa.

Kumi kwa kumi. Kumi na tatu kwa kumi na nne. Kumi na tano kwa kumi na tano.

Raundi ya mwisho Chenge alitoka na kisu mapema, akafa kwanza. Mwenzao wa nne akafuata. Josephat alipigwa akiwa anawahi mlangoni. "Wawili wamebaki kwao," akasema, akavua hedifoni yake, akaiweka mezani.

Ng'washi peke yake.

Chenge, kwa vile alishakufa, alitoka nje akajiunga na watu kwenye televisheni ya Ally, anatangaza mpira kama redioni: "Mama Kalenda amebaki! Amelala! Jamani muamsheni!" Mtaa unacheka. Ng'washi alisikia vicheko kwa mbali, chini ya hedifoni, kama mtu aliye chini ya maji. Mgongo wake ulimwambia kila kitu. Duka ni tupu. Toka, ruka, waite. Hakutoka. Aliinua alama mpaka kimo cha kichwa, akaiacha hapo.

Sekunde arobaini. Hatua. Yule asiyepumzika. Bonyeza mbili, achia. Akaanguka. Kisha kimya, na kwenye kimya akasikia yule mwingine akisimama kidogo kabla ya kona, kama kawaida yake. Akahesabu moja, mbili. Kichwa kikaja penyewe kwenye alama.

Kumi na sita kwa kumi na tano.

Akavua hedifoni. Mikono ilikuwa ya moto. Akageuka.

Ndani ya duka kulikuwa na Josephat, baba yake, na Nurudin mlangoni. Wengine wote walikuwa ng'ambo. Televisheni ya Ally ilikuwa imeonyesha mtu wa Ally anaanguka, na Chenge ameanguka naye chini barabarani, miguu juu, watu wanambeba juujuu huku wakipiga makofi. Wamembeba yeye, ambaye amekufa wa kwanza.

"Tumeshinda," Ng'washi akasema.

Mzee Shimba akamtazama binti yake kwa huruma ya kweli. Akatazama barabara. Akatazama duka.

"Hapana, mayu," akasema. "Mmeshindwa. Watu wote wako kwao."

Ng'washi akamgeukia Nurudin, anatabasamu, anamsubiri acheke kama alivyocheka siku ile akishika meza. Amwambie mzee, hapana, hapa tunahesabu kwenye kioo.

Nurudin hakucheka.

"Mzee amesema kweli," akasema.

"Bosi, si uliniambia kushinda kuna namna moja?"

"Ndiyo, binti. Ni hiyo." Akanyoosha mkono kuelekea barabarani. "Mimi nauza masomo. We unajua kukaa mlangoni, nakupongeza, hapiti mtu. Na mimi nataka wapite, waingie. Yule wakimfuata humu ndani, si watajifunza kuchapa?"

"Kuchapa hajui."

"Atajifunza. Utamfundisha kabla sijaenda Geita, eti?"

Ng'washi akamwangalia Josephat. Josephat ndiye aliyemtoa uwanjani akamweka nyuma ya pipa. Alikuwa na neno moja tu la kusema, hata maneno matatu yangetosha. Josephat alikuwa anakunja waya. Aliukunja vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, hakuinua kichwa.

Mzee Shimba alimsindikiza binti yake mpaka stendi, njia nzima anamweleza kwa upendo alipokosea. Kwanza nguo, haina rangi. Pili umewapa watu mgongo. Tatu hukuimba. "Udogoni ulikuwa unaruka vizuri sana," akasema. "Nani alikuharibu?" Ng'washi aliweka mikono makwapani japo hakukuwa na baridi. Akamwambia safiri salama, baba.

Alimfundisha Chenge kwa wiki mbili. Ndiyo, alikubali, kwa sababu kodi ya chumba haijui mambo ya mapipa. Baada ya hapo akawa anakaanga mapanki Nyakato, nje ya geti lilelile la kiwanda. Kiwanda kilipofunguliwa walichukua watu wapya kwanza. Mikono yake ikahama kutoka kwenye barafu kwenda kwenye mafuta ya moto. Kwenye daftari aliandika mstari mmoja wa siku ile, *Nimekufa kwa sababu*, akaishia hapo. Kurasa nyingi baada yake zilifungia mapanki.

Mwezi wa tisa alikwenda kuchukua cheti chake cha kuchapa. Duka lilikuwa limejaa, hilo huwezi kubisha. Watu wamepanga mstari hadi nje, Chenge yuko mbele ya kompyuta na tai, kofia ameivua.

"Dada yetu! Mama Kalenda! Ngoja nikuandikie mwenyewe." Akachapa kwa vidole viwili. Printa ikalia. Kwenye karatasi: *Ngwashi Shimba*.

"Jina langu lina ule mkato juu," akasema Ng'washi. "Ng', halafu washi. Hili ni la mtu mwingine."

"Aah, huo mkato kwenye kompyuta haupo, dada. Nimeutafuta sana. Ni wa kalamu tu."

Watu kwenye mstari walikuwa wanasikiliza. Ng'washi aliona kidole cha Chenge kinaelea juu ya kibodi kama mtu aliyetoka peupe. Angeweza kupitisha mkono akabonyeza mwenyewe. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, ileile ya zamani.

"Kulia kwa L. Ya pili. Basi."

Chenge akabonyeza. Mkato ukatokea kwenye kioo, mdogo, mahali pake. Akaruka kutoka kwenye kiti, akageuka kwa watu, mikono juu. "Mnaona? Mnaona mambo?"

"Mwalimu kiboko!" mtu akapiga kelele kutoka mlangoni, na duka zima likapiga makofi.

Ng'washi akapokea cheti chake, akakikunja mara mbili, akapita katikati yao kwenda nje.